Tangi la maji ya kunywa la boti linavuja: kulitafuta tundu na kuliziba

Ukikuta maji ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, na pampu ya maji ya kunywa inajiwasha usiku bila mtu kufungua koki, usikimbilie duka la rezini, ile gundi ya kuzibia faiba. Majuzi nahodha mmoja wa boti za kuvulisha wageni huku Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, aliniita tukazibe tangi. Nilipofika nikakuta vifaa vyote vimepangwa juu ya deki: kopo la rezini, kitambaa cha faiba, brashi, glavu. Kilichokosekana ni tundu. "Si maji hayo ngamani, fundi?" Maji ni hayo, ami, lakini yametokea wapi? Maji ya chomboni hufuata mteremko, hupita nyuma ya mataruma, zile mbavu za chombo, yakaja kuonekana mbali kabisa na yalipotoka.

Kuziba kwenyewe ni kazi ya mchana mmoja. Kutafuta ndiko kunakokula saa, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa zaidi. Naandika hasa kwa wenye matangi ya faiba. Ya plastiki na ya stenlesi nitayagusa njiani.

Hatua ya 1: Hakikisha ni tangi

Wazee huchovya kidole ngamani wakaonja: maji ya chumvi yametoka baharini, maji matamu yametoka tangini. Ni sawa, ila hapa Mombasa ulimi hudanganya. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na mfereji ukikauka watu hujaza chochote kilichopatikana. Mimi natumia rangi ya biriani, ile nyekundu. Koroga kijiko kimoja kwenye jagi la maji, mimina tangini, kausha ngama kwa tambara mpaka pakauke kweli, kisha tandika karatasi nyeupe za tishu chini ya kila kiungo: mdomo wa kujazia, mpira wa kutolea maji, mpira wa kupumulia, kifuniko cha kukagulia, pampu. Rudi baada ya saa kadhaa. Doa jekundu halibishani na mtu.

Klipu za mipira zilegeze uangalie upande wa ndani. Juu zinang'aa, chini zimeshaliwa. Gasketi ya kifuniko ikiwa ngumu hata haiitikii kucha, badilisha bila kuuliza. Kazi nyingi ninazoitiwa huishia hapa hapa, na mwenye boti hubaki na kopo lake la rezini halijafunguliwa.

Hatua ya 2: Acha maji yakuonyeshe kimo

Jaza tangi hadi juu na ufunge koki ya kutolea. Unganisha mpira wa levo, ule wa kuonea ndani wanaotumia mafundi wa nyumba, kwenye mdomo wa chini wa tangi, uusimamishe wima ubavuni. Weka alama ya kalamu kwenye kimo cha maji, ukalale. Maji yatashuka mpaka yafike usawa wa tundu, yasimame. Yakisimama sentimita 20 kutoka chini, tundu liko kwenye mstari huo, kuzunguka kuta zote, na huna haja ya kuhangaika na sehemu nyingine. Yakiisha yote, ni sakafu ya tangi au kona zake.

Jaribio hili linataka chombo kilichokaa sawa. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji hupwa zaidi ya mita 3, boti ikalala ubavu mchangani, na mstari wako wote ukawa uongo. Fanya wakati wa maji mafu, bahari isipopwa sana, au boti ikiwa inaelea.

Hatua ya 3: Upepo na povu

Sasa unajua kimo, bado hujui mahali. Mwaga maji yote, kausha nje ya tangi, ziba mdomo wa kujazia na mpira wa kutolea. Kwenye mpira wa kupumulia weka kiungo cha njia tatu: upande mmoja pampu ya baiskeli, upande wa pili ule ule mpira wa levo, lakini safari hii umekunjwa kama herufi U, umefungwa kwenye ubao na kutiwa maji yenye rangi hadi nusu. Hicho ndicho kipimo chako cha nguvu. Tofauti ya kimo kati ya mikono miwili ya mpira ndiyo presha iliyomo tangini.

Piga pampu pole pole mpaka tofauti ifike sentimita 30. Basi. Simama hapo.

Narudia kwa sababu nimeona watu wakija na kompresa ya gereji. Sentimita 30 za maji zinasikika kama kitu cha mchezo, lakini piga hesabu. Uso wa tangi wa sentimita 60 kwa 80 ni karibu nusu mita ya mraba, na kila sentimita ya maji inausukuma kwa kilo 4.8. Kwa sentimita 30 ni kilo 144, sawa na watu wawili wazima wamesimama juu yake. Ukifika mita moja ni kilo 480. Sakafu ya tangi imezoea kubeba uzito wa maji, uso wa juu haukujengewa hivyo. Utavimba, na kuta za ndani zinazozuia maji yasicheze zitabanduka kwenye mishono yake. Hapo umetoka kwenye tundu la sindano umeingia kwenye tangi jipya. Kompresa iache gereji. Pampu ya baiskeli inatosha, na mpira wa U una faida nyingine: ukizidisha sana, maji yake yanarukia nje kabla tangi halijaumia, maadamu mpira wenyewe hukuukata mrefu mno.

Tatizo la pili ni jua. Hewa iliyofungiwa ikipata joto hutanuka, na joto likipanda nyuzi 1 tu, kipimo chako kinapanda kama sentimita 3. Wingu likipita, kinashuka. Kwa hiyo unaweza kukaa na tangi zima kabisa ukaliona linavuja, au ukawa na tangi linalovuja ukaona kipimo kimetulia kwa sababu jua linafidia kinachotoka. Fanya alfajiri jua halijagonga deki, au usiku. Ukipiga pampu, ngoja robo saa hewa itulie ndipo uanze kusoma. Na usikae umeegemea tangi, kwa sababu mwili wako nao una joto.

Kipimo kikishuka bila sababu, chukua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, changanya iwe nzito, paka kwa brashi ya rangi polepole kufuata ule mstari wa hatua ya 2. Usitafute mapovu makubwa. Tundu dogo hutoa povu jeupe laini linalojikusanya taratibu kama la mdomoni mwa kaa, na huenda likachukua dakika mbili tatu kuonekana. Anza kwenye kona, kwenye mishono na kwenye kila fitingi ilipopita ukutani. Pasipofikika macho tumia kioo kidogo na tochi ya simu. Pasipofikika kioo, weka ncha ya mpira mwembamba sikioni na nyingine uipitishe nyuma ya tangi usikilize. Ukilipata, zungushia kalamu ya wino usiofutika, suuza sabuni, piga pampu upya uhakikishe. Halafu endelea kupaka sehemu zilizobaki. Tundu la pili liko mara nyingi kuliko watu wanavyopenda kuamini.

Hatua ya 4: Tangi lako ni la nini?

Plastiki nyeusi au nyeupe ya aina ya matangi ya juu ya paa haishiki gundi. Epoksi, silikoni, hata zile gundi za "kila kitu" zitakaa siku chache zikabanduka nzima nzima. Dawa yake ni kuyeyusha kwa hewa ya moto pamoja na kijiti cha plastiki ya aina ile ile. Kwanza kwangua kipande kidogo ukipashe moto: kikiyeyuka, fundi atakichomelea, kikikataa na kuungua tu, hiyo plastiki haichomelewi, nunua tangi.

Stenlesi huliwa kwenye mishono ya kuchomelea, na maji ya kisima yenye chumvi ndiyo adui wake mkubwa, kwa sababu chumvi hujificha kwenye vijifereji vya mshono ikalala humo. Tafuta fundi anayechomelea kwa gesi ya argoni, na umwambie asafishe ule weusi wa moto ndani na nje. Akiuacha, mahali hapo hapo patatoboka tena.

Faiba ni ya kwetu. Tuendelee.

Hatua ya 5: Kausha

Suuza ufa kwa maji matamu kwanza, kwa sababu chumvi iliyobaki huvuta unyevu kila siku. Kisha feni na balbu ya joto usiku kucha, si mbali sana. Ukitaka kujua pamekauka, bandika kipande cha nailoni ya kuonea juu ya ufa, ziba pembe zote kwa tepu, uache mpaka asubuhi. Ukiona vitone vya maji chini ya nailoni, rudisha feni. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwaka mzima, na rezini iliyopakwa juu ya ufa wenye maji ni mapambo tu.

Hatua ya 6: Kiraka

Piga msasa namba 80 mpaka uone faiba yenyewe, sentimita 5 kila upande wa ufa, ukichonga mteremko kuelekea ufani. Pangusa kwa asetoni, feni ikipuliza nje, na sigara iwe nchi kavu. Weka kiraka upande wa ndani kama mkono unafika, maana maji yatakikandamiza badala ya kukisukuma. Tabaka tatu za kitambaa, kila moja kubwa kuliko ya chini yake.

Tumia rezini ya epoksi iliyoandikwa koponi kuwa inafaa kwa maji ya kunywa. Rezini ya poliesta ni rahisi na kila fundi wa faiba anayo, lakini harufu yake huhamia majini, ukanywa chai yenye ladha ya rangi miezi kadhaa. Tena, aliyezoea poliesta huongeza matone ya dawa ya kukazia ili ishike haraka. Epoksi haikubali hivyo: vipimo vya koponi ndivyo hivyo, ukizidisha haikauki, inabaki nata. Nunua dawa ya kukazia ya pole pole, changanya kidogo kidogo, umwage kwenye sinia pana, kwa sababu ikijaa kikombe kwenye joto letu itachemka mkononi.

Ikishashika, juu yake huja utando wa mafuta mafuta. Asetoni haiutoi vizuri. Sugua kwa maji safi na kisugulio, ndipo upige msasa. Kisha iache ikauke muda wote ulioandikwa, ambao kwa epoksi nyingi ni kama siku 7. Rudia jaribio la upepo.

Ukiwa safarini, pati ya epoksi inayoshika majini itakufikisha. Sabuni ya kipande, ile mbinu ya matangi ya petroli, usihangaike nayo: petroli haiyeyushi sabuni, maji yanaiyeyusha.

Hatua ya 7: Klorini

Suuza mara mbili. Kwa dawa ya klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 3.5, isiyo na manukato, tia mililita 145 kwa kila lita 100 za maji, fungua kila koki mpaka usikie harufu, acha saa 4, kisha mwaga na usuuze mpaka harufu iishe. Tangi la stenlesi usililaze na dawa usiku kucha. Siki usiichanganye kamwe na klorini. Hewa yake ni sumu, na ndani ya boti huna pa kukimbilia.

Ukijaza mara ya kwanza, ubao wa sakafu uache wazi na tishu zako chini ya tangi mpaka boti iende nje ya mwamba ikapigwe na mawimbi na kurudi. Tangi linaweza kutulia gatini likavuja linapotikiswa.