SOMO: Kumbukumbu za presha na sukari ndani ya simu yako mwenyewe

Swali ni lilelile kila wiki, kumbukumbu za mgonjwa tuziweke vipi zisipotee: kadi ya kliniki imelowa chomboni, au mgonjwa amepewa rufaa kutoka hospitali ya King Fahd kwenda Coast General, Mombasa, na karatasi zimesahaulika Lamu. Daktari auliza dawa gani, hakuna akumbukaye. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena ataelekezwa hapa. Mgonjwa anayeingia na vipimo vyake mkononi hujadiliwa naye, hapangiwi tu.

Hatua ya 1. Fungua folda moja kwenye simu kwa kila mgonjwa. Usichanganye baba na mama.

Hatua ya 2. Piga picha kila karatasi siku ileile uliyopewa. Itandaze karibu na dirisha, zima flashi, pembe nne zote zionekane. Karatasi laini za mashine, kama ya mchoro wa moyo, huchapwa kwa joto, na kwa joto letu la Kaskazi hufifia hata zikawa nyeupe. Piga na pakiti za dawa, upande wenye jina na miligramu. "Kidonge cheupe kidogo" hakimwambii daktari kitu.

Hatua ya 3. Jina la picha lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Zitajipanga zenyewe.

Hatua ya 4. Saa. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, vipimo vya wiki nzima vikawa havina maana, kwa hiyo soma polepole. Mashine na simu huanza kuhesabu usiku wa manane; sisi twahesabu tangu kucha na tangu kuchwa. Mashine ikiandika 07:00, kwetu ni saa 1 asubuhi. Sasa mama akiandika daftarini "saa 2, 168/95", daktari atajuaje kama ni 08:00 kabla ya dawa, 20:00 baada ya dawa, au 02:00 usiku alipoamka kichwa chamuuma? Namba moja, maana tatu, na dawa yaweza kuongezwa kwa maana isiyokuwa. Andika tarakimu kama za mashine, kisha maneno: 07:00 asubuhi, kabla ya dawa. Kengele ya simu nayo ni hivyo. Dawa ya saa 2 asubuhi hutegwa 08:00.

Tahadhari: ukibadilisha betri, mashine nyingi hurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Rekebisha kabla ya kupima. Kama ina kitufe cha mtu wa 1 na wa 2, chagua kwanza, la sivyo presha ya mume itaingia katika wastani wa mke. Na dawa iliyoandikwa 1×2 ni kidonge 1 mara 2 kwa siku. Si vidonge 2 kwa mpigo.

Hatua ya 5. Kupima presha. Nusu saa kabla, hakuna kahawa, sigara wala kazi nzito. Nenda haja ndogo kwanza. Keti dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi tupu. Usizungumze. Pima, ngoja dakika 1, pima tena. Fanya hivyo asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku 7. Tupa siku ya kwanza. Zilizobaki ni 24. Jumlisha za juu ugawe kwa 24, na za chini vivyo hivyo. Wastani wa nyumbani ukifika 135/85 au zaidi, mpelekee daktari. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu kuliko ilivyo. Ukiona 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, pumzi kubana, upande kufa ganzi au macho kuingia kiza, acha kuandika, nenda hospitali.

Hatua ya 6. Ukurasa mmoja wa mbele: maradhi, dawa na miligramu zake, dawa inayomdhuru, wastani, maswali 3 ya kumuuliza daktari.

Hatua ya 7. Funga simu kwa namba ya siri, na nakala apewe mtu mmoja unayemwamini. Kwa WhatsApp tuma kama hati, si kama picha. Picha hubanwa, tarakimu za maabara zikawa hazisomeki.

MASWALI

Mwana wa Shela: Napima mara ngapi kwa siku?
— Hatua ya 5.

Mwana wa Shela: Refu sana, fupisha basi.
— Haifupiki. Ukiruka zile dakika 5 za kuketi, utaongezewa dawa usiyoihitaji.

Barani: Majibu ya maabara ya mamangu haya hapa kwenye picha, nisomeeni.
— Ndugu, ifute sasa hivi. Ina jina lake na namba ya kitambulisho, na mama hakukuruhusu. Wasomee kliniki.

Wa Kizingitini: Shikamoo mwalimu. Nyanya ana kabambe tu, simu ya vitufe, naye hasomi. Kuna njia?
— Marahaba, swali zuri. Mnunulie daftari, lichore safu nne: tarehe, saa, namba, kabla au baada ya dawa. Mjukuu ajaze. Jumapili piga picha ukurasa kwa simu yako. Na mambo ya SHA, bima ya afya ya serikali, *147# hufanya kazi kwenye kabambe bila intaneti.

Wa Majengo, Malindi: Mashine ya sukari aliyoileta shemeji yaonyesha 126, ya zahanati 7.0. Ipi mbovu?
— Zote nzima. Ya shemeji hupima kwa mg/dL, ya zahanati kwa mmol/L. Gawa kwa 18: 126 ni 7.0. Andika kipimo mbele ya kila namba, maana mashine mbili katika folda moja bila hivyo ni hatari.

Wa Majengo, Malindi: Ahsante. Na Ramadhani?
— Zungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama, hasa mwenye kutumia insulini. Wanazuoni wengi wasema kujitoboa kidole hakufunguzi. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6 mmol/L, fungua papo hapo, hata kama magharibi imekaribia.

Bi Mkomani: Stripu zangu za kupimia sukari zatoa namba za ajabu.
— Bi, kifuniko hukifunga mara moja? Unyevu wa bahari huziharibu. Na osha mikono kwa sabuni uikaushe; kidole kilichoshika embe au halua husomeka kama sukari ya damu.