Jinsi ya Kumtafuta Koa Mwekundu wa Baharini Usiku

Koa mwekundu wa baharini, ambaye wanasayansi humwita Hexabranchus sanguineus, hujificha mchana katika nyufa za matumbawe na hutoka usiku kutafuta sifongo, ambazo ndizo chakula chake. Kwa hiyo anayetaka kumwona hana budi kuhesabu maji kabla ya kushika tochi. Mpiga mbizi ana nafasi kubwa zaidi, lakini hata atembeaye kwa miguu anaweza kubahatika siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, kwani wakati huo maji ya pwani ya Kenya na Tanzania hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku.

Itumie asubuhi kutafuta mayai. Huwa ni utepe mwekundu au wa waridi, uliojikunja mfano wa ua na kunata kwenye jiwe. Usiubandue. Mayai hayo yana sumu itokanayo na sifongo alizokula mama yao, na ndiyo maana hukaa wazi bila kuguswa na samaki.

Usiku rudi hapo hapo na mwenzako, mkiwa mmevaa viatu vya soli ngumu, na mmulike kando ya miamba yenye sifongo. Koa huyu huweza kufikia sentimita 40. Kichwani ana pembe mbili za kunusia, na nyuma ya mgongo ana matamvua ya kupumulia yaliyochanua, kila shada likitoka mahali pake. Minyoo bapa, ambao wengi huwadhania kuwa makoa, hawana matamvua hayo. Chunguza vizuri katikati ya matamvua ya koa, kwani mara nyingine hukaa humo kamba mdogo mwenye rangi kama ya mwenyeji wake.

Anapotambaa, koa huyu huzikunja kingo za vazi lake, yaani ngozi inayomfunika mgongoni. Akibughudhiwa huzifunua ghafla, akapunga mwili mzima na kuogelea, jambo lililompatia jina la mcheza ngoma wa Kihispania. Wapo wanaomchokoa kwa kijiti ili wapate picha ya ngoma hiyo. Mimi nauona huo kuwa ukatili, kwa sababu anachokifanya hapo ni kukimbia. Mmulike kwa pembeni, usimtoe majini, nawe subiri. Na maji yakianza kugeuka, tokeni mwambani mara moja hata kama hamjamwona.