Umemaliza biti yako ya kwanza ya singeli: umpe nani aisikilize, na umuulize nini

Biti yangu ya kwanza kuikamilisha, mdundo wa singeli, ule muziki wa kasi wa mitaani wa Dar es Salaam, ilikuwa na kasi ya mapigo 250 kwa dakika. Niliitengeneza kwenye FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, kwa laptopu ya kaka yangu, usiku, hedifoni masikioni kwa sababu watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Kulipokucha nikaituma WhatsApp kwa watu kumi na mmoja: "Isikilizeni, niambieni ikoje." Tisa walijibu kwa picha za moto. Wawili walisoma wakanyamaza. Jumamosi nikamwomba DJ wa mtaani aipige kwenye kigodoro, sherehe ya mtaani ya usiku, cha jirani. Haikufika dakika ya pili, vijana waliokuwa katikati ya uwanja wakasogea pembeni. Hakuna aliyezomea. Walisimama tu, wakisubiri wimbo unaofuata.

Wale tisa hawakunidanganya. Mtu anayekupenda ukimuuliza "ikoje" anajibu kuhusu wewe, si kuhusu biti. Kwa hiyo kazi ya kupata maoni ya maana inaanzia kwako, katika namna unavyouliza. Nakuandikia kama ninavyowaeleza wadogo zangu wanaokuja nyumbani na flashi zao.

Kwanza iache siku mbili. Ukikaa na sauti moja saa sita mfululizo, sikio linazoea, na besi iliyozidi unaanza kuiona ya kawaida. Siku ya tatu isikilize bila kutazama skrini, daftari mkononi. Kila unapohisi mawazo yanatoka kwenye muziki, andika dakika na sekunde. Hayo utakayoyasikia mwenyewe yarekebishe kabla hujamsumbua mtu. Masikio ya wenzako yahifadhi kwa yale usiyoweza kuyasikia.

Kisha toa faili safi. Usiweke limita, kile kifaa cha kubana vilele vya sauti, kwenye njia kuu inayokusanya sauti zote ili kuipandisha sauti. Acha kilele kibaki karibu na desibeli 6 chini ya sifuri. Mita ikigonga sifuri unapotoa faili, mawimbi yanakatwa vichwa, na fundi wa miksi hawezi kuvirudisha. Fundi mpe WAV, faili la sauti lisilobanwa, ya ubora wa "24-bit". Wengine MP3 ya kilobiti 320 inawatosha. WhatsApp itume kama dokumenti ifike ilivyo, na usimrekodie mtu kwa simu kutoka kwenye spika, kwa sababu atakuwa anakusikilizia chumba chako. Kwenye jina la faili weka namba ya toleo na kasi. Nimeshuhudia mtu akisifia toleo la kwanza wakati mwenye biti anaongelea la tatu.

Sasa ujumbe wenyewe (kiki humo ni ngoma nzito ya chini inayobeba pigo, na masta ni umaliziaji wa mwisho wa sauti). Huu ndio ninaowapa waanze nao:

"Shikamoo kaka. Hii ni biti yangu ya kwanza ya singeli, kasi 250, dakika mbili na nusu, bado haijafanyiwa masta. Naomba unisikilizie mambo mawili. Kiki inasikika kila pigo, au inamezwa na besi? Na ni sekunde ya ngapi ulipoanza kuchoka? Niambie pia umesikiliza kwa simu, hedifoni au spika kubwa, na sauti umefungulia kiasi gani. Asante kaka."

Maswali mawili, si saba. Lile la sekunde ya ngapi lina nguvu kuliko yote, kwa sababu mtu hahitaji kujua muziki ili alijibu, na hana namna ya kulijibu kwa kukusifia. La sauti kiasi gani nalo lina sababu yake: sikio la binadamu husikia besi kidogo mno sauti ikiwa chini. Atakayekwambia besi haipo huenda amesikiliza usiku kwa sauti ya kunong'ona.

Msikilizaji wa kwanza awe DJ wa vigodoro. Yeye anazisikia biti kwenye spika kubwa, uwanjani, watu wakiwa mbele yake. Yule wangu hakunipa hotuba. Alisema, "Dada, ngoma zako zinakanyagana." Nilirudi nyumbani nikalala nalo neno hilo. Kesho yake nikapiga hesabu: mapigo 250 kwa dakika maana yake kati ya pigo na pigo kuna milisekunde 240 tu. Kiki yangu niliitoa kwenye mkusanyiko uliotengenezwa kwa nyimbo za taratibu, na mkia wake, yaani mlio unaobaki baada ya pigo, ulikuwa na urefu wa milisekunde 400 hivi. Kila kiki ilikuwa inaingia kabla ya ile iliyotangulia kuisha. Kwenye hedifoni ilisikika nzito, nikaipenda. Kwenye sabufa nne za uwanjani ulikuwa mngurumo mmoja usio na pigo, na mguu haukujua ushuke wapi. Nikakata mkia hadi milisekunde 150. Wewe fanya hesabu hiyo leo hii, kabla ya mengine: gawa 60,000 kwa kasi ya biti yako, na kiki isizidi jibu utakalopata.

Wa pili awe emsii, yule anayechana juu ya biti. Mpigie biti, usimwelekeze kitu, mwache achane huku unamrekodi kwa simu. Usimuulize maoni. Sikiliza anapojikwaa. Kwa kasi ile anahitaji mahali pa kuvuta pumzi, na kama kinanda chako kinalia bila kupumzika kwenye eneo lile lile la sauti ya binadamu, atalazimika kupiga kelele ili asikike. Mimi niliambulia somo kubwa kwa kijana aliyenyamaza kila ilipofika sehemu ya kinanda, akaendelea ilipopita. Aliniambia alidhani nimeiweka makusudi ili apumzike. Nikaitoa nusu.

Kinyozi anatosha kwa jioni moja. Omba biti ipigwe kwenye spika yake ndogo katikati ya nyimbo nyingine, usiseme ni yako, kaa kwenye benchi utazame miguu ya wanaosubiri zamu. Halafu ipige kwa spika ya simu. Simu haitoi sauti nzito za chini kama za Hz 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), kwa hiyo kiki iliyojaa chini tu inapotea kabisa. Iongezee mgongano mfupi wa juu ili sikio liitambue hata pasipo besi.

Mtu wa miksi awe wa mwisho. Ukimpelekea mapema atakurekebishia sauti za kitu ambacho wiki ijayo utakifuta.

Majibu yakija, usijitetee. Andika maneno kama yalivyotamkwa, maana ufundi umo mle mle. Mtu wa mtaani hatakwambia punguza Hz 300. Atasema "ina matope", nawe uende kwenye ikwalaiza, kifaa cha kupunguza au kuongeza sauti za eneo fulani, kati ya Hz 200 na 400, ambako besi, kinanda na mwili wa ngoma hujazana. Akisema "inachoma masikio", tazama matoazi na makofi kwenye Hz 3,000 hadi 5,000. "Iko mbali" mara nyingi ni mwangwi uliozidi. "Imepoa" hapo si suala la sauti hata kidogo, ni lupu, kipande kinachozungushwa, iliyojirudia muda mrefu bila badiliko. Toa kitu kwa mapigo manane, kisha kirudishe. "Kali" liandike pia, lakini kwenye ukurasa mwingine.

Watu watatu wakitaja sekunde ile ile, rekebisha bila ubishi, hata kama ndiyo sehemu uliyoipenda. Mmoja akitaja jambo peke yake, libaki daftarini kwanza. Fundi wa studio moja aliniambia biti ni nzuri ila niishushe hadi 110 "iwe muziki". Hilo nililikataa na ningelikataa tena leo. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, Dar es Salaam, muziki huo ulifika kwa wasikilizaji wa Ulaya na mwendo wake ule ule wa kasi. Kabla hujapokea ushauri wa kubadili uti wa mgongo wa biti, jiulize huyu anayekushauri anaucheza muziki huu au anauvumilia.

Ukifanya marekebisho, badilisha jambo moja kwa kila toleo, na unapolinganisha la zamani na jipya hakikisha yana ukubwa sawa wa sauti. Lililozidi hata kwa desibeli moja litaonekana bora, ingawa hukuboresha chochote. Rudi kwa mtu yule yule, na swali lile lile, na kipande kile kile.

DJ wangu nilimrudia Alhamisi na toleo la nne. Nilimpigia sekunde thelathini tu, pale watu waliposogea pembeni. Alisikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena kwa sauti ya juu zaidi. Kisha akaniuliza kama ninayo kwenye flashi.