Kabla Hujalipia Singer ya Zamani

Anza na namba. Imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia wa kitako cha cherehani. Tarakimu tupu bila herufi ni dalili ya mashine iliyotoka kabla ya 1900. Herufi mbili zinazoanza na E ni za kiwanda cha Kilbowie, Clydebank, kule Uskoti, kuanzia 1935. Kiwanda hicho kilifungwa 1980, kwa hiyo anayekuambia imetoka huko "juzi juzi tu" mwache aendelee na wateja wengine.

Nembo ya shaba iwe imepigiliwa. Ya gundi, kataa.

Maua ya dhahabu yaangalie pale kitambaa kinapopita na kiganja kinapoegemea. Mashine iliyoshona miaka mingi lazima ififie hapo. Maua yakiwaka mwili mzima huku kanyagio limelika, kuna mtu amepaka rangi upya na kubandika stika.

Sasa hili linalowaumiza watu: namba inathibitisha kichwa, yaani mashine yenyewe bila meza, haithibitishi kilichomo ndani. Shemeji yangu anashona magauni Mbagala. Alinunua Singer ya aina ya 15K Kariakoo kwa bei ambayo angepata cherehani mbili mpya za Butterfly. Muuzaji alimwambia, "Dada, hii ya Mwingereza, haijaguswa." Namba ilikuwa sahihi, nembo sahihi, maua yamefifia panapostahili. Wiki ya mwisho ya Ramadhani, oda za Idi zimejaa hadi mlangoni, mashine ikaanza kuruka mishono kwenye satini, kisha ikawa inavunja sindano. Wateja wawili walichukua vitambaa vyao vikiwa vimekatwa tayari, na mmoja akadai alipwe.

Fundi alipoilaza kichwa nyuma na kumulika tochi, mambo yakawa wazi. Ndoano inayokamata uzi, kasha la bobini na kikaza uzi vyote vilikuwa vya mashine nyingine. Singer za aina ya 15 zimeigwa sana, Japani baada ya vita na China pia, na spea zake huingiliana. Ndiyo maana ni rahisi mtu kung'oa ndoano nzuri ya zamani, akaiuza peke yake, akapachika ya bei rahisi ambayo ncha yake imeshalika. Kwa nje huoni chochote.

Kwa hiyo usinunue kichwa ambacho muuzaji hataki kukilaza. Kilaze. Vifaa vingi vya asili vina namba ndogo iliyogongwa, vingine vina neno SIMANCO, ambalo ni kifupi cha jina la kampuni yenyewe. Tazama midomo ya skrubu: ikiwa imetafunwa na bisibisi, pamefunguliwa, uliza kwa nini. Tazama mng'ao: kifaa kimoja kinachometa katikati ya vilivyofubaa hakikuzeeka pamoja na wenzake. Fungua bamba la ubavuni pia, penye mhimili wa sindano, kwa sababu wengi huishia chini na kusahau huko.

Sisemi kila kilichobadilishwa ni kibaya. Mkanda, bobini, raba ya kujazia uzi, hivyo huisha na lazima vibadilishwe. Spea nzuri iliyofungwa vizuri itakushonea bila shida. Ila bei ya mashine kamili ilipiwe mashine kamili. Iliyochanganywa ishuke, na muuzaji aseme wazi.

Akikuambia ndani ya Singer kuna zebaki nyekundu, kitu cha kubuni kinachodaiwa kuwa na thamani kubwa, ondoka. Uvumi huo ulivuma Saudi Arabia mwaka 2009, watu wakalipa fedha za ajabu. Ndani ya cherehani kuna chuma na mafuta.

Nenda mchana. Beba tochi, uzi wako, na vipande vya kitambaa unachoshona kila siku, siyo kile laini anachokupa yeye. Shona tabaka mbili, kisha nne. Dai risiti yenye namba ya mashine. Na siku ukiipeleka kwa fundi kutiwa mafuta, piga picha za ndani kwanza, weka alama yako kwenye ndoano na kasha la bobini, na kama una nafasi kaa hapo hapo mpaka amalize. Usiiache ilale dukani.