Namna ya Kupima Agizo la Serikali kwa Hati Yako ya Mshahara

Serikali inapotangaza kwamba itazibana zaidi kampuni binafsi, anza kwa kuuliza itazibana kwa njia gani, kwani kutaifisha kiwanda, kupanga bei za bidhaa na kuweka kima cha chini cha mshahara ni mambo tofauti, na kila moja humfikia mfanyakazi kwa njia yake. Soma agizo lenyewe, hotuba haitoshi.

Kisha chukua hati mbili za mshahara, ya kabla ya agizo na ya baada yake, uzilinganishe mstari kwa mstari: mshahara wa msingi, posho, malipo ya saa za ziada, makato na kiasi kinachobaki mkononi. Kando yake andika gharama ya vitu vilevile unavyonunua kila mwezi, kwa bei unayolipa kweli, maana bei elekezi haikusaidii kitu ikiwa bidhaa imeadimika na iko kwa walanguzi tu. Hapa ndipo wengi wetu tunapodanganyika. Mshahara ukipanda kwa asilimia 8 na gharama hizo zikapanda kwa asilimia 12, umepoteza karibu asilimia 4 ya uwezo wako wa kununua, ingawa tarakimu kwenye hati imekua. Angalia pia kama agizo linazuia mishahara pamoja na bei, kama alivyofanya Rais Richard Nixon wa Marekani tarehe 15 Agosti 1971, alipoamuru vyote viwili visipande kwa siku 90.

Agizo likihusu umiliki, usidhani kwamba ajira imekwisha kulindwa. Uingereza ilitaifisha migodi ya makaa ya mawe tarehe 1 Januari 1947, na mwaka huohuo wachimbaji wakapata wiki ya kazi ya siku tano. Lakini katika miaka ya 1960 migodi kwa mamia ilifungwa ikiwa bado mali ya umma. Kwa hiyo uliza kama chama cha wafanyakazi kitaweza kujadiliana, na hata kugoma, mbele ya mwajiri ambaye ndiye mtunga sheria. Kwangu mimi swali hili ni zito kuliko la nani anashika hisa.

Ukiona agizo halifuatwi kazini, mwendee mkaguzi wa kazi. Mkataba Na. 81 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1947, unampa mamlaka ya kuingia mahali pa kazi bila taarifa, mchana au usiku, na unamtaka asimtaje aliyeleta malalamiko. Mpe nakala za hati na hesabu yako. Hati halisi zibaki kwako.