Kugawana vyeo na kazi za kamati kwenye baraza la ushauri wa ajira za watu wenye ulemavu

Wenzetu wa Koboko, huku kaskazini magharibi mwa Uganda, walinipigia simu mwezi uliopita. Wameunda baraza la kushauri kuhusu ajira za watu wenye ulemavu, wana wajumbe 13 na mwenyekiti anayejua kusema, lakini vikao vitatu vimepita na hakuna barua hata moja iliyomfikia mwajiri yeyote. Nikachukua magongo yangu nikaenda, tukashinda chini ya mwembe tukipanga upya. Naandika tuliyoyafanya, pamoja na yaliyonitoa jasho katika miaka sita ya ukatibu wa baraza kama hilo hapa Arua.

Kwanza tusichanganye mambo. Uganda ina baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu, lililowekwa na sheria ya 2003, na mabaraza ya ngazi ya wilaya. Hayo ni ya serikali. Hapa nazungumzia kikundi cha ushauri: wajumbe kutoka vyama vya watu wenye ulemavu, waajiri wawili watatu, na afisa wa kazi wa wilaya akikubali kuja. Hakiwezi kumwamuru mtu wala kumtoza faini. Nguvu yake yote iko kwenye karatasi, yaani pendekezo lenye jina la anayepelekewa na siku anayotakiwa kujibu. Kwa hiyo kila cheo nakipima hivi: mwenye cheo hiki anaiandika karatasi, anaipeleka, au anaifuatilia? Kama hafanyi hata moja, hicho ni cheo cha kukalia kiti cha mbele.

Hatua ya 1: Andikeni kusudi

Sentensi mbili zinatosha. Msizidishe.

Hatua ya 2: Vyeo vinne, basi

Mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina. Koboko walikuwa na "mratibu" na "msemaji" zaidi ya hao, na kila mmoja alidhani barua ni kazi ya mwenzake.

Mwenyekiti awe mtu mwenye ulemavu. Hapo sibishani na mtu. Mwajiri anaweza kuwa makamu. Kazi ya mwenyekiti kikaoni ni kushika zamu: kila anayesema ataje jina lake kwanza, ili asiyeona ajue ni nani, na wasiseme wawili kwa pamoja, maana mkalimani wa lugha ya alama ana mikono miwili tu. Mwenyekiti anayependa kusikia sauti yake mwenyewe hafai hata kama ni maarufu.

Makamu mpeni kazi ya kweli. Kwetu ndiye anayezidai kamati ripoti zake. Mweka hazina anajua kazi yake.

Hatua ya 3: Akidi na karatasi ya mahudhurio

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima na nauli za watu, kwa hiyo nivumilieni.

Katiba yetu inasema akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe ili kikao kiwe halali, ni wajumbe 7 kati ya 13. Mwaka wetu wa pili tulipitisha pendekezo kwa mwajiri mmoja mkubwa wa mjini: kiziwi akiitwa kwenye usaili aruhusiwe kuingia na mkalimani. Karatasi ya mahudhurio ilikuwa na sahihi 10, nasi tukaiambatanisha kwa fahari. Ofisa wao akaisoma kuliko tulivyoisoma sisi. Akauliza, "Huyu ni mjumbe? Na huyu?" Wanne hawakuwa wajumbe. Mmoja alikuwa kijana anayemwongoza mjumbe asiyeona, mwingine msukuma kiti cha magurudumu, wa tatu mama wa mjumbe mwenye ulemavu wa akili, wa nne mkalimani. Wajumbe halisi walikuwa 6. Pendekezo likafa palepale. Nikashinda kwenye simu kuwaita watu upya, na kikao kikarudiwa kwa gharama yetu.

Chanzo kilikuwa nini? Karatasi ileile ilikuwa ya kurudishiwa nauli, na kila aliyepanda boda boda kuja alitia sahihi ili alipwe. Dawa ni karatasi mbili: ya kwanza ya wajumbe peke yao, majina yote 13 yakiwa yameshaandikwa, ya pili ya nauli kwa kila mtu. Ya kwanza anashika katibu, ya pili mweka hazina, na zisikutane.

Lakini msije mkatumia hili kuwafukuza wasaidizi. Nauli ya msaidizi ilipwe sawasawa na ya mjumbe, la sivyo mjumbe mwenyewe hatafika. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, inahesabika. Mtu akiondoka katikati, andika saa aliyoondoka; mvua za hapa zikikusanyika, wenye baiskeli za kuendesha kwa mikono huondoka mapema, na akidi huondoka nao bila mtu kugundua. Nasi tumeamua kwamba aliye kwenye simu anachangia mawazo lakini hahesabiwi. Ninyi mnaweza kuamua vingine, mradi mwamue kabla ya siku yenye ubishi.

Kupiga kura nako kuna mitego. Kunyoosha mikono ni vibaya, kwa kuwa asiyeona hajui nani kanyoosha na asiye na mikono hana cha kunyoosha. Mimi nasoma majina, kila mmoja anajibu ndiyo, hapana au sina upande. Kiziwi anajibu kwa alama na mkalimani anatamka. Kwa uchaguzi wa siri tunatumia maharage na punje za mahindi ndani ya mfuko wa kitambaa: vidole vinatambua mara moja, hakuna haja ya mtu kumshikia mwenzake kalamu. Kama wagombea ni watatu, ongezeni karanga. Na yule mama niliyemtaja, anaruhusiwa kumweleza mwanawe swali kwa maneno mepesi, mara kumi akitaka, lakini jibu litoke kwa mwana. Tuligombana kuhusu hilo kikao kizima. Sijutii.

Mkalimani mmoja hatoshi kwa kikao kirefu. Baada ya nusu saa mikono inachoka, na kiziwi ndiye anayeambulia muhtasari. Tafuteni wawili wapokezane, au fupisheni kikao.

Hatua ya 4: Kamati tatu

Watu 13 hawawezi kuendesha kamati saba. Kila kamati iwe na hadidu za rejea za ukurasa mmoja: inaamua nini yenyewe, nini inakileta barazani, na lini.

Kamati ya waajiri ndiyo inayobisha milango. Iende na hoja za kibiashara, isiende kuomba huruma. Sheria ya kodi ya mapato ina unafuu kwa mwajiri binafsi ambaye asilimia 5 ya wafanyakazi wake ni watu wenye ulemavu, na wengi hawajawahi kuisikia. Kipengele hicho kichapeni, wakione kwa macho.

Kamati ya malalamiko haihukumu mtu. Inapokea, inaandika, inamwelekeza mlalamikaji kwa afisa wa kazi, au kwenye Tume ya Fursa Sawa iliyoundwa kwa sheria ya 2007. Wajumbe wake waisome sheria ya watu wenye ulemavu ya 2020, inayokataza ubaguzi kazini. Waajiri wasikae kwenye kamati hii, hata yule mwema. Jina la mlalamikaji lisiingie kwenye kumbukumbu za baraza zima, tunatumia namba.

Kamati ya mazingira ya kazi inahitaji futi kamba, na mtu mmoja anayetumia kiti cha magurudumu. Wajenzi wengi wakiambiwa njia ya mteremko hujenga mlima. Kipimo ni rahisi: kila sentimita 1 ya kimo, sentimita 12 za urefu. Ngazi ya sentimita 30 inataka mteremko wa mita 3 na sentimita 60.

Hatua ya 5: Ajenda

Siku saba kabla ya kikao. Itumeni kama maandishi ya kawaida, msitume picha ya karatasi. Simu ya mjumbe asiyeona inamsomea maandishi, ila ikifika kwenye picha mara nyingi inamwambia "picha" na kunyamaza. Nimewaimbia watu wimbo huu miaka sita, na bado kuna mjumbe, jina nalihifadhi, anayepiga picha barua akiwa gizani.

Hatua ya 6: Kumbukumbu

Kaunta buku la mistari. Najua vijana wanataka kompyuta, ila betri ya kaunta buku haiishi. Andika uamuzi, nani atautekeleza, na tarehe. Hotuba za watu achana nazo. Kikao chetu kinakwenda kwa Kiswahili, kwa kuwa kuna Walugbara, Wakakwa na Wanubi mezani. Barua za wilayani naziandika kwa Kiingereza.

Hatua ya 7: Kufuatilia na kukabidhi

Siku 14 baada ya barua, makamu anapiga simu. Siku 30, anakwenda mwenyewe na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri watakwambia hawajaiona.

Kipindi kikiisha, katibu akabidhi kaunta buku, muhuri na laini ya simu mbele ya mashahidi wawili. Laini hasa. Kabla yangu ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha katibu aliyetangulia, naye akahamia Kampala nayo, na kwa miezi minne waajiri waliotaka kutujibu walikuwa wakimpigia yeye.