Kujenga katalogi moja ya taifa kwa maktaba za vyuo vikuu, hatua kwa hatua

Mwanafunzi akikosa kitabu kwenye maktaba ya chuo chake, anapaswa kujua kwa kutafuta mara moja tu kwamba kipo kwenye chuo kingine nchini. Na mkutubi akipokea kitabu ambacho mwenzake wa chuo kingine ameshakiorodhesha vizuri, hana sababu ya kukiorodhesha upya. Manufaa hayo mawili ndiyo yanayofanya katalogi ya pamoja istahili jasho lake. Huko Ohio, Marekani, maktaba za vyuo zilianza kuorodhesha kwa pamoja kupitia mfumo wa OCLC mwezi Agosti 1971. Ufaransa wana Sudoc, Uswidi wana LIBRIS, Japani wana NACSIS-CAT. Wengine wameshaipita njia hii, na zana nyingi zilizo bora zinapatikana bure.

Mwongozo huu ni wa wakutubi na mafundi wa mifumo waliopewa jukumu hili na hawajui waanzie wapi. Niseme mapema ninachokiamini baada ya kuifanya kazi hii: ugumu hauko kwenye seva wala programu. Uko kwenye swali moja linalojirudia mara mamia ya maelfu: je, rekodi hizi mbili ni za kitabu kimoja, au ni za vitabu viwili tofauti? Ndiyo maana hatua ya 5 ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Kubalianeni kabla ya kununua chochote

Wakuu wa maktaba shiriki wakae pamoja waamue mambo machache kwa maandishi. La kwanza ni aina ya katalogi. Kuna ile isiyo na hifadhidata ya kati: msomaji anatafuta, ombi linapelekwa kwa wakati mmoja kwenye kila maktaba kupitia itifaki ya Z39.50, na majibu yanarudi. Inavutia kwa sababu hakuna kinachokusanywa. Lakini msomaji anaisubiri maktaba yenye mtandao wa polepole kuliko zote, na kitabu kimoja kinaonekana mara kumi na mbili kwa sababu vyuo kumi na viwili vinacho. Ushauri wangu ni kukusanya rekodi zote sehemu moja. Kila maktaba iendelee kuorodhesha kwenye mfumo wake na kutuma nakala ya rekodi zake kituoni. Baadaye, watu wakishazoeana, mnaweza kuhamia uorodheshaji wa moja kwa moja kwenye hifadhidata ya taifa.

La pili ni haki juu ya rekodi. Andikeni wazi kwamba rekodi zitakuwa huru kutumiwa na yeyote. Harvard ilipotoa rekodi zake zipatazo milioni 12 mwaka 2012, ilitumia leseni ya CC0, inayomruhusu yeyote kuzitumia bila masharti, na hilo ni chaguo zuri. Kila maktaba ikague kama ina rekodi ilizonunua kwa masharti yanayozuia kuzitoa.

Amueni pia ni nani atakayekuwa mtu wa mawasiliano kila chuo. Awe na jina na saa zilizotengwa rasmi kwenye majukumu yake ya kazi. "Idara ya uorodheshaji" haijibu barua pepe.

Hatua ya 2: Kila maktaba ipate msimbo wake

Tumieni ISIL, mfumo wa kimataifa wa kutambulisha maktaba uliowekwa na kiwango cha ISO 15511. Msimbo hauzidi herufi 16, na kwa kawaida huanza na alama ya nchi.

Rekodi ikifika kituoni, chukua namba iliyo kwenye uga 001 (rekodi za MARC, umbo la kawaida la rekodi za maktaba, zimegawanywa kwenye nyuga zenye namba), itangulize msimbo wa maktaba ndani ya mabano, kisha uihifadhi kwenye uga 035. Namba hiyo ndiyo kamba pekee inayoifunga rekodi yako na ile iliyobaki chuoni. Bila yake, chuo kikituma marekebisho hutajua yanahusu rekodi ipi, na kikifuta kitabu hutajua ufute nini. Isikatwe kamwe.

Hatua ya 3: Omba sampuli, usiombe kila kitu

Omba rekodi 500 zilizochaguliwa bila upendeleo kutoka kila chuo, na juu yake rekodi chache za vitu vyenye matatizo: majarida, tasnifu, vitabu vya juzuu nyingi, na vitabu vya lugha zenye alama juu ya herufi. Zisome kwa macho. Siku mbili za kusoma sampuli zinaokoa miezi ya kusafisha.

Utakutana na makundi matatu. Kundi la kwanza wana mfumo wa kisasa kama Koha na watatuma MARC 21. Hapo angalia kichwa cha rekodi, yaani herufi 24 za mwanzo. Nafasi ya 09 ikiwa na herufi a, rekodi inadai kutumia Yunikodi. Ikiwa tupu, inadai kutumia MARC-8, usimbaji wa zamani wa herufi za maktaba. Nasema inadai kwa sababu mara nyingi sivyo ilivyo. Jaribu kufungua majina yenye alama uone kama yanasomeka. Kugeuza faili zima tumia programu ya yaz-marcdump:

yaz-marcdump -f MARC-8 -t UTF-8 -o marc -l 9=97 zamani.mrc > mpya.mrc

Ile 9=97 inaandika a kwenye nafasi ya 09, ili rekodi iseme ukweli kuhusu yenyewe.

Kundi la pili bado wana CDS/ISIS, programu ambayo UNESCO iliigawa bure tangu miaka ya 1980 na iliyobeba maktaba nyingi sana zisizo na fedha. Iheshimu kazi iliyomo. Faili lake la kubadilishana rekodi, la kiwango cha ISO 2709, linafanana na MARC kwa umbo, lakini namba za nyuga zilibuniwa na maktaba yenyewe: uga 24 hapa unaweza kuwa jina la kitabu, pale ukawa kitu kingine. Tena programu hiyo hukata mistari kila baada ya herufi 80, kwa hiyo unganisha mistari kwanza. Kaa na mkutubi aliyekuwapo hifadhidata ilipoundwa, mwandike jedwali la uga gani unaenda wapi. Kama amestaafu, mtafuteni.

Kundi la tatu wana jedwali la Excel. Hawa ni rahisi kuliko wanavyojidhania, mradi kila safu iwe na kitu kimoja tu ndani yake.

Hatua ya 4: Safisha yale ambayo mashine inaweza kuyasafisha

Anza na ISBN, namba ya kimataifa ya kitabu. Ondoa vistari, nafasi na maneno kama "jalada gumu" yaliyobandikwa pembeni. Hakiki tarakimu ya mwisho. Kisha geuza zote ziwe za tarakimu 13, maana vitabu vya kabla ya 2007 vina tarakimu 10, na kitabu hichohicho kinaweza kuandikwa kwa namna zote mbili kwenye vyuo viwili.

Chukua 0306406152. Ondoa tarakimu ya mwisho, tanguliza 978, upate 978030640615. Zidisha tarakimu kwa 1 na 3 kwa kupokezana, kisha jumlisha: jibu ni 93. Kinachokosekana kufikia 100 ni 7, basi namba kamili ni 9780306406157. ISBN isiyopita uhakiki usiitupe. Ihamishie sehemu ndogo ya z kwenye uga 020, ambako itaonekana lakini haitatumika kulinganisha.

Herufi nazo zipeleke kwenye umbo moja la Yunikodi, NFC. Jina Ngũgĩ linaweza kuhifadhiwa kwa herufi ũ moja (U+0169), au kwa u ya kawaida ikifuatwa na alama inayokaa juu yake (U+0303). Jicho halioni tofauti yoyote, mashine inaona majina mawili. Ritifaa ya Thiong'o nayo huja kwa sura tatu au zaidi. Kwa ajili ya kulinganisha tu, ondoa alama zote. Kwa ajili ya kuonyesha, zibakize kama zilivyo. Jina la mtu liandikwe kwa usahihi wake.

Hatua ya 5: Kulinganisha rekodi

Kanuni ya kwanza: usiunganishe, panga makundi. Rekodi ya kila chuo ihifadhiwe kama ilivyoletwa, milele. Juu yake jenga kundi la rekodi zinazodhaniwa kuwa za kitabu kimoja, na kutoka kwenye kundi hilo zalisha rekodi kuu anayoiona msomaji. Siku ukigundua kwamba kundi limechanganya vitabu viwili, unalivunja na hakuna kilichopotea. Mifumo inayomeza rekodi na kuacha moja haina njia ya kurudi nyuma.

Kanuni ya pili: kuunganisha kimakosa ni kubaya kuliko kuacha rekodi pacha. Rekodi pacha zinamkera msomaji. Muungano wa kimakosa unakificha kitabu: toleo la pili linaingia chini ya la kwanza, na mtu aliyesafiri kwenda kulifuata anakuta siyo alichokihitaji. Kwa hiyo ukisita, acha.

Sasa mpangilio wenyewe. Anza kwa ISBN, lakini usiiamini peke yake. Kuna wachapishaji wanaorudia namba ileile kwenye kitabu kingine, na juzuu tano zinaweza kuandikwa zote kwa ISBN ya seti. Ndiyo maana ISBN zikilingana, hakikisha jina la kitabu nalo linalingana kwa sehemu kubwa na namba ya juzuu haipingani. Kwa majarida tumia ISSN, namba yao ya kimataifa, kwa namna hiyohiyo.

Vitabu visivyo na ISBN ni vingi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa mfumo huo ulifanywa kiwango cha kimataifa mwaka 1970 tu, na wachapishaji wadogo walichelewa zaidi. Hapo tengeneza ufunguo: jina la kitabu kwa herufi ndogo bila alama wala nafasi, jina la ukoo la mwandishi, mwaka, na idadi ya kurasa. Kiashiria cha pili cha uga 245 kinasema ni herufi ngapi za mwanzo zirukwe. Kwa jina la Kiingereza linaloanza na The, ni 4. Kitumie, ila angalia kama waorodheshaji walikijaza.

Kila kinachofanana kipe alama. Jina la kitabu na mwandishi vibebe uzito mkubwa. Kurasa zikipishana kwa mbili tatu, samehe, maana mmoja alihesabu utangulizi na mwingine hakuhesabu. Mwaka ni mtego: kitabu kilichotoka 1985 na kupigwa chapa tena 1988 huandikwa 1985 chuo kimoja na 1988 kingine, ilhali ni toleo lilelile. Lakini taarifa ya toleo kwenye uga 250 ikitofautiana, basi hata vingine vyote vikifanana, ni vitabu viwili. Toleo la karatasi na la kielektroniki pia yatenge. Nafasi ya 23 ya uga 008 ikiwa na o, rekodi hiyo ni ya kitu cha mtandaoni.

Tasnifu ziwekee utaratibu wake. Kwa kawaida nakala halisi iko chuo kilichoitoa, na majina ya tasnifu hufanana sana. Zilinganishe tu pale chuo kilichotoa shahada ni kilekile.

Matokeo yagawe mafungu matatu: yanayoungana yenyewe, yanayobaki mbalimbali, na yanayosubiri jicho la mtu. Fungu la tatu liwe dogo kiasi cha kumalizika; kama wakutubi wana uwezo wa jozi 200 kwa wiki, pandisha vizingiti vya alama mpaka mashine ilete takriban idadi hiyo. Jaribu kwanza kwa jozi mia chache ambazo wakutubi wazoefu wameshaziamua kwa mkono, uone mashine inapishana nao wapi. Hapo ndipo utajifunza kanuni zako zinakosea nini.

Hatua ya 6: Majina ya waandishi

Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha riwaya zake za mwanzo kwa jina la James Ngugi. Katalogi isiyojua hilo inamgawa mwandishi mmoja kuwa wawili. Mnahitaji faili la majina yaliyosanifishwa, ambalo kila jina kuu linabeba majina mengine ya mtu huyohuyo. Kwa waandishi wanaojulikana duniani, chukueni kazi iliyokwishafanywa kupitia VIAF, faili la kimataifa la majina ya waandishi. Nguvu zenu ziwekeni kwa waandishi wa nchi yenu, kwa sababu hakuna mwingine atakayewafanyia. Msisubiri faili likamilike ndipo mfungue katalogi.

Hatua ya 7: Programu

Hapa sikawii. PostgreSQL kwa kuhifadhi rekodi ghafi, VuFind pamoja na Solr kwa utafutaji. Maktaba ya Taifa ya Finland inatoa RecordManager, programu huria inayovuna rekodi na kupanga makundi kwa namna niliyoieleza. Ijaribuni kabla ya kuandika ya kwenu. Chelezo ihifadhiwe nje ya jengo lenye seva.

Hatua ya 8: Kuiweka hai

Katalogi iliyojazwa mara moja na kuachwa huanza kudanganya ndani ya muhula mmoja. Vuneni mabadiliko kila usiku kwa OAI-PMH, itifaki ya kuvuna rekodi, ambayo Koha inayo tayari. Omba tu rekodi zilizobadilika tangu tarehe ya mwisho, na fuata resumptionToken, alama ya kuomba sehemu inayofuata ya orodha, mpaka iishe, la sivyo utabaki na sehemu ya kwanza ya orodha ukidhani umemaliza.

Jambo linalosahaulika ni rekodi zilizofutwa. Uliza seva ya kila chuo swali la Identify, usome kipengele cha deletedRecord. Kikisema persistent, utaarifiwa kila kinachofutwa. Kikisema no, hutaambiwa chochote, na itabidi kila mwezi uombe orodha kamili ya namba zao na kuilinganisha na yako. Kikisema transient, yaani taarifa za kufutwa hazitunzwi kwa uhakika, fanya vivyo hivyo. Maktaba zisizo na OAI-PMH zitume faili zima kila robo mwaka.

Hali ya kitabu kwa saa hii, kama kimeazimwa au kiko rafuni, usiihifadhi kituoni. Uulize mfumo wa chuo husika pale msomaji anapofungua rekodi, na mfumo usipojibu, onyesha jina la maktaba na namba ya rafu tu.

Anzeni na vyuo vitatu, kimoja kutoka kila kundi la hatua ya 3, na muweke kitufe cha kuripoti kosa kwenye kila rekodi. Ripoti iende moja kwa moja kwa mtu wa mawasiliano wa chuo chenye rekodi hiyo, arekebishe kwenye mfumo wake, na uvunaji wa usiku ulete sahihisho kituoni. Sahihisho likishapita njia hiyo yote bila mtu wa kituoni kuligusa, karibisheni chuo cha nne.